Fanya Juu: Udongo, Maji na Wenye Shamba



Nilikutana na maneno "fanya juu" mara ya kwanza katika kitabu cha uhandisi wa udongo kilichoandikwa kwa Kiingereza. Yalikuwa yamechapwa kwa herufi za mlazo, kama wachapaji wanavyofanya kwa maneno ya Kilatini, na chini yake palikuwa na mchoro wa mteremko, mtaro na tuta. Nilikaa kitambo kabla ya kung'amua kwamba ninasoma Kiswahili. Miaka baadaye niliyakuta tena katika ripoti za nyanda za juu za Ethiopia, yameandikwa vilevile, hayakutafsiriwa. Tumezoea kujisifu kwamba tumeipa dunia neno "safari". Hili la wachimba mitaro hatulitaji, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida zaidi.

Fanya juu ni amri ya kazi. Unachimba mtaro unaofuata kontua, yaani unaokata mteremko ukiwa katika kimo kimoja mwanzo hadi mwisho, na udongo unaoutoa unautupa upande wa juu wa mlima. Ndugu yake ni fanya chini, ambapo udongo hutupwa upande wa bondeni. Asiyewahi kushika sururu huuliza hapo swali zuri: kwa nini juu? Kutupa chini ni kazi nyepesi, uzito wa udongo wenyewe unakusaidia. Kutupa juu kunalipwa na mgongo.

Jibu lipo katika mvua ya kwanza. Maji yanaposhuka shambani yanabeba udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba. Yakifika kwenye tuta lililoinuliwa juu ya mtaro yanasimama, na mzigo wake unatulia hapo. Yanayozidi yanapita na kuangukia mtaroni, yanabaki humo, yanazama taratibu. Msimu wa pili vivyo hivyo. Baada ya miaka michache shamba lililokuwa limeinama kama paa linakuwa ngazi, na hakuna aliyelisawazisha kwa jembe. Mvua yenyewe imelisawazisha. Mkulima amefanya kazi moja tu ngumu, akaiachia mvua iliyobaki. Ule udongo uliotupwa chini, kwa upande mwingine, ndio wa kwanza kuondoka na mafuriko.

Vifaa ni kamba, vijiti viwili vilivyo sawa, na pimamaji ndogo ya fundi mwashi inayoning'inizwa katikati ya kamba. Watu watatu wanatosha: wawili washike vijiti, mmoja aangalie tone la hewa. Likitulia katikati, pigilia kigingi. Mtaro huwa na upana wa kama sentimita 60 na kina kama hicho. Juu ya tuta hupandwa majani ya kulisha ng'ombe, mizizi yake ishike udongo. Ndani ya mtaro hupandwa migomba na mipapai, na ukipita Machakos wakati wa kiangazi utaitambua mistari hiyo ya kijani toka mbali, mahindi yakiwa yameshakauka.

Nimeanza na jembe kwa makusudi. Siku hizi mtu akialikwa kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi huanza na hewa ya ukaa, kisha barafu ya ncha za dunia, na akifika kwa mkulima muda umekwisha.

Tuangalie mvua basi. Sehemu kubwa ya Makueni na Kitui, huko Ukambani mashariki ya Kenya, hupata kama milimita 500 hadi 700 kwa mwaka. London, mji unaosifika kwa manyunyu, hupata kama 600. Mkinishangaa, nami nilishangaa. Tofauti ni kwamba London inanyunyiziwa mwaka mzima chini ya jua dhaifu, ilhali Ukambani mvua huja kwa vipindi viwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na ndani ya vipindi hivyo huja kwa kishindo. Mvua kubwa mbili tatu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya maji ya msimu. Yakianguka juu ya ardhi iliyo tupu na ngumu, hayaingii. Yanakwenda mtoni, mto unavimba saa chache, na kufikia jioni ya pili unavuka kwa viatu. Kwa hiyo mkulima wa huko ana mashaka mawili: kama mvua itakuja, na kama ikija itakaa. Mabadiliko ya tabianchi yamezidisha yote mawili kwa pamoja.

Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika Pembe ya Afrika, na mashariki ya Kenya ilikuwa ndani ya janga hilo. Mwisho wa 2023 ikaja El Niño na mafuriko. Tarehe 3 Desemba mwaka huo tope lilishuka toka mlima Hanang, Tanzania, likaifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Aprili 2024 maji yaliyozuiwa kwenye kalvati chini ya reli karibu na Mai Mahiu yalifumuka usiku na kuua zaidi ya 40. Mkulima aliyeuza mbuzi wake wa mwisho kwa ajili ya ukame aliona kitalu chake kikisombwa kabla hajamaliza deni la ukame. Hali hii, ya kutoka jua kali na kuingia gharika bila kupumua, haiwezi kukabiliwa kwa mbegu peke yake.

Sasa nije kwenye historia, kwa kuwa ndiyo iliyonileta hapa.

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, aliiona Machakos kama nchi inayokufa: vilima vimechunika, makorongo kila mahali, watu na mifugo wamezidi. Lawama aliwatupia Wakamba na ng'ombe wao. Hakuona uzito wa kwamba mipaka ya eneo walilotengewa Wakamba ilichorwa na serikali iliyokwisha kuwapa walowezi sehemu za malisho ya zamani. Dawa ikawa kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa, wakauzwa kwa bei ya kutupa, na huko Athi River kiwanda cha nyama kilikuwa kinawasubiri. Mwaka 1938 Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi wakakaa huko majuma kadhaa wakidai ng'ombe wao. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini serikali ilirudi nyuma: uuzaji wa lazima ukasimamishwa.

Kisha yakaja matuta, nayo kwa amri. Watu walitolewa majumbani kuchimba siku zilizopangwa na chifu, katika ardhi ambayo hawakuwa na uhakika kama kesho itakuwa yao. Kulikuwa na hofu kubwa kwamba shamba likitengenezwa vizuri mzungu atalitaka. Ni hofu ya kijinga? Mtu aliyekwisha kunyang'anywa mara moja hana sababu ya kuiona hivyo. Mwethya, desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi kwa zamu na kulishana, ulijaribiwa kugeuzwa kuwa kazi ya lazima, ukapoteza ladha yake. Na matuta mengi ya miaka ile, membamba na yaliyochimbwa kwa kinyongo, yalisombwa.

Mwelekeo ulibadilika katika miaka ya 1950. Wakamba waliruhusiwa kupanda kahawa, zao ambalo kabla ya hapo lilikuwa la walowezi, na sharti lilikuwa kahawa ipandwe juu ya matuta ya benchi. Mara tuta likawa na bei. Mtu aliyekuwa akikwepa siku ya kuchimba akaanza kuajiri watu wamchimbie. Uhuru ulipokuja, wengi waliyaacha matuta kwa muda, maana yalikuwa yananuka ukoloni. Halafu, katika miaka ya 1970, wakayarudia wenyewe, wengi wakichagua fanya juu. Tangu 1974 serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Sweden, ilitoa majembe, sururu na maafisa wa kupima kontua. Kazi yenyewe ilifanywa na mwethya, na walioujaza mwethya walikuwa hasa wanawake, kwani waume zao walikuwa Nairobi na Mombasa kwenye ajira.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos ambacho kiliwashtua wataalamu. Walionyesha kwamba watu wa wilaya ile waliongezeka toka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi kama milioni 1.4 mwaka 1990, na katika muda huohuo mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila kichwa yakapanda. Maher alitabiri jangwa. Mjukuu wa yule aliyelaumiwa akawa anauza maembe.

Kitabu hicho kilipendwa mno na watu waliotaka kusikia kwamba serikali haihitajiki. Hapo mimi sifuatani nao. Barabara ya Nairobi ilihitajika. Kahawa iliruhusiwa na serikali ileile iliyokuwa imeikataza. Mahindi ya Katumani, yanayokomaa mapema kabla mvua haijakata, yalitoka katika kituo cha utafiti kilichojengwa kwa kodi. Na fedha za kununulia plau na kulipa wachimbaji zilitoka kwenye mishahara ya mjini. Nyumba isiyo na mtu mjini ilichelewa kupata matuta, na nyingine hazijayapata mpaka leo. Ninachokichukua kwenye kitabu hicho ni kidogo lakini kizito: matuta ya kuzuia maji yalijulikana Ukambani muda mrefu kabla ya miaka ya 1970. Kilichobadilika ni nani mwenye shamba, nani anayeamua, na nani anayevuna anachochimbia.

Wakamba wana kumbukumbu nyingine ambayo mtaalamu wa hali ya hewa angefaa kuisoma. Kila njaa ina jina. Ile kubwa ya mwisho wa karne ya 19, wakati reli ikijengwa na mifugo ikifa kwa sotoka, inaitwa Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Ile ya 1961, ukame uliofuatwa na mafuriko hata chakula kikadondoshwa toka angani, inaitwa Ndeke, yaani ndege. Ile ya 1984 inaitwa Nikw'a Ngwete: ninakufa nimeshika. Ameshika nini? Fedha. Alikuwa nazo mkononi na duka halikuwa na kitu.

Jina hilo la mwisho ni uchambuzi mzima wa uchumi kwa maneno mawili. Ngomanisye ilikuwa njaa ya ukame na sotoka. Nikw'a Ngwete ni njaa ya watu waliokwisha kuingia sokoni, wakauza kahawa, wakapokea mshahara, kisha soko likawageuka. Ukame wa mvua na ukame wa sahani ni vitu viwili, na kati yake kuna barabara, ghala, bei na siasa.

Mfano wa karibuni zaidi ni mbaazi. Kama kuna zao lililoumbwa kwa ajili ya nchi kavu, ni hili: mizizi inashuka chini kabisa kutafuta unyevu, majani yanayopukutika yanarutubisha udongo, na mahindi yaliyo kando yakifa lenyewe linasimama. Kila bwana shamba amelisifu. Wakulima wa Ukambani wamelipanda miaka mingi, na wale wa Tanzania, toka Babati hadi Lindi na Mtwara, walilipanda kwa wingi kwa sababu India ilikuwa inanunua. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia toka nje, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna sana. Bei huku kwetu ikaporomoka, magunia yakabaki kwenye vibaraza. Wakulima walikuwa wamefanya kila walichoambiwa kuhusu ukame, na karatasi iliyotiwa sahihi New Delhi ikawaangusha katika mwaka ambao zao lenyewe halikuwasaliti. Tangu siku hiyo nikisikia semina ya "mazao yanayostahimili ukame" huuliza mnunuzi ni nani. Mara nyingi naonekana mkorofi.

Nihamie mtoni.

Mito mingi ya Kitui na Makueni kwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara za mchanga. Asiyeijua huiona imekufa. Mwenyeji anachimba kwa mikono, dhiraa moja au mbili, na maji yanatokea, masafi, ya baridi. Tembo nao wanajua. Bwawa la mchanga limejengwa juu ya ujuzi huo. Mahali ambapo mwamba uko karibu, jamii inajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto. Mafuriko yanakuja, yanaleta mchanga, mchanga mnene unatua nyuma ya ukuta na tope laini linapita. Baada ya misimu kadhaa ukuta umejaa mchanga hadi ukingoni, na mgeni atasema mradi umeshindwa, bwawa limejaa uchafu. Kumbe ndiyo kazi yake. Kati ya chembe na chembe mna nafasi, na robo ya ujazo ule au zaidi inaweza kuwa maji. Jua haliyafikii, mbu hawazaliani, ng'ombe hawayakanyagi. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na vikundi vya vijiji wamejenga mamia ya kuta kama hizo Kitui, wanakijiji wakitoa mawe, mchanga na nguvu zao. Maji ya visima vya pembeni yalipanda kimo, na akina mama waliokuwa wakitumia nusu siku kufuata maji wakapata saa za kufanya kitu kingine, zikiwamo, bila shaka, saa za kuchimba fanya juu.

Sasa tazameni kinachotokea. Mchanga ule ule ndio unaotakiwa kujenga maghorofa ya Nairobi. Malori yanaingia mitoni usiku, vijana wasio na kazi wanalipwa kwa koleo, na baada ya miezi michache mto unabaki mwamba mtupu. Mvua ikija hakuna cha kuishika. Watu wameuana kwa ajili ya mchanga huo, na Makueni ikatunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Sheria inasaidia pale penye wa kuisimamia. Siwalaumu vijana wa koleo. Ukame uliowanyima mavuno ndio uliowapeleka mtoni. Lakini ni picha ambayo sijapata kuiona katika kitabu chochote cha tabianchi: ghala la maji la kijiji linapakiwa kwenye lori, linakwenda kuwa kuta za chumba cha mikutano, na ndani ya chumba hicho watu wanajadili uhaba wa maji vijijini.

Msidhani ni habari ya Ukambani peke yake. Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili ndama na ng'ombe wagonjwa wapate majani kiangazi kikikolea. Miti ilifyekwa enzi za ukoloni kupambana na mbung'o, pamba ikapanuka, na katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini wakaacha ngitili zao bila mwenyewe. Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa ule mwaka 1984 aliuita jangwa la Tanzania. Mradi wa kuhifadhi ardhi uitwao HASHI ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zimebaki ngitili za kama hekta 600 tu zilizoandikwa. Kufikia 2004 zilikuwa zaidi ya 300,000. Miche ya vitalu ilichangia kidogo katika ongezeko hilo. Mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi. Ilitosha kufunga eneo na kumzuia ng'ombe wa jirani, na aliyemzuia alikuwa dagashida, baraza la Wasukuma wenyewe, kwa faini zake.

Nisije nikaondoka hapa nimewaachia matumaini ya bei rahisi. Tuta halileti mvua. Katika ule msururu wa misimu mitano, mashamba yenye fanya juu nayo yalikauka. Tofauti ni kwamba yalichelewa kukauka na yalikuwa ya kwanza kurudi. Unyevu huo wa ziada unaokoa kunde na ndengu, hauokoi mahindi kila mara. Tuta lisilokarabatiwa ni hatari kuliko kutokuwa nalo, kwa sababu maji yakipata tundu moja yanakusanya nguvu ya shamba zima na kuchimba korongo. Na mwanamke anayechimba mtaro katika shamba lililoandikwa jina la shemeji yake anajua kwamba mume akifa anaweza kufukuzwa na migomba yake ikabaki. Hapo yuko palepale alipokuwa Mkamba wa 1938. Miradi mingi inayokuja na fulana na mabango huanzia kwenye mbinu, kwa kuwa mbinu inapigika picha. Hati ya shamba, bei ya mbaazi na lori la usiku havipigiki picha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanafunzi wa kilimo waliopo: mtakapotumwa vijijini, kabla hamjafungua mkoba wa mbegu, ulizeni njaa za mahali pale zinaitwaje na kwa nini. Na kwenu wengine, wenyeji wa mji huu ambao kila mmoja ana ukuta anaoujenga au anaotamani kuujenga: fundi akileta mchanga, mwulizeni umetoka mto gani.